Zamu ya Baba

Yozefu Jakwonga, wa Panyimur,
nambari ya utumishi mia tatu kumi na nane.
Aliitaja hata akiwa na homa,
kabla ya jina, kabla ya kuomba maji.

Walimcheka pale gatini samaki wanapopimwa:
"Uganda haina bahari, Mzee.
Ulikuwa baharia wa sufuria?"
Naye angewaonyesha mto kwa kidevu,
unavyolitoka ziwa kuelekea Pakwach:
"Haya, na huu unakwenda wapi? Kulala?"

Miaka saba alipunga bendera kwenye manuari ya wakoloni,
akazungumza na meli ambazo hakuwahi kuziona nyuso za watu wake.
Kisha meli ikauzwa.
Wakampa karatasi, tikiti ya treni,
na blanketi la kijivu lenye nanga pembeni.
Pensheni ilikuwa njiani.
Mpaka tunamzika ilikuwa bado njiani.

Kwa mama alisema Kialuri,
kwa Mungu Kialuri vilevile, kwa sauti ya chini.
Kiswahili kilikuwa cha amri:
Amka. Tandika. Funga hiyo kamba upya.
Mbuzi wetu walifungwa kwa fundo la manuari,
lisilokaza shingo wala kulegea,
na majirani waliopotelewa na mbuzi walikuja kulichungulia
wakijifanya wamekuja kuazima jembe.

Kwenye kamba ya nguo alimfundisha mama lugha ya bendera:
shuka nyekundu, wageni wapo, ongeza maji kwenye kunde;
kitambaa cheupe, mtoto amelala, msipige kelele;
gauni la kijani na taulo kando yake,
hiyo hawakutuambia maana.
Tulikuwa wanane. Tulikisia.

Usiku hakulala zaidi ya saa nne mfululizo.
Aliamka kushika zamu.
Nilisikia nyayo tupu zikizunguka nyumba,
mlango ukilia, kisha kiganja,
kikavu, chenye harufu ya ngege,
kikitua kichwani pangu, kikihamia kwa mwingine,
mpaka kwa Uyirwoth mdogo karibu na ukuta.
"Wanane. Sawa."
Hilo sawa ndilo lililotufunika, si shuka.

Mwaka wa surua alikufa Kerunen.
Usiku wa mazishi nilijifanya nimelala.
Akahesabu.
Saba.
Akasimama pale, kibatari kikitetemeka,
muda wa mtu kuvuka uwanja na kurudi.
"Wanane," akasema.
Hakusema sawa.
Tangu usiku ule sikulisikia tena,
na hesabu haikupungua,
hata tulipoolewa, hata tulipohamia Nebbi, Arua, Kampala.
Mama anasema alikuwa akihesabu mikeka.

Alipokufa yeye haikuja bendera ya serikali.
Afisa wa wilaya alifika kwa pikipiki, akakosea jina,
akala, akaondoka kabla ya sala ya mwisho.
Mama hakujali. Alikuwa na kazi.
Akaenda kwenye kamba ya nguo,
miaka themanini na moja, akikataa kushikwa mkono,
akaanika gauni la kijani
(si lile, lile lilichakaa zamani, alilishonesha jingine)
na taulo kando yake,
akaketi akilitazama kaburi.

Hatukumuuliza.

Usiku nikaamka, sijui nani aliniamsha.
Ziwa lilikuwa likisema maneno yake yaleyale.
Nikapita katikati ya mikeka, mimi, bibi wa miaka hamsini na nane,
ndugu, wajukuu, wakwe wanaokoroma,
nikaweka kiganja kichwa baada ya kichwa,
nikapotea hesabu penye thelathini na kitu,
nikarudi mlangoni,
nikaanza upya.