Shahidi wa Tundu

Tumemzika Ambwene Mwasyeba saa tisa,
mvua haijaamua bado,
migomba ya kaburini ikidondosha tone moja moja
kama watu wanaochanga kwa shida.
Jezi namba kumi na moja ilikataa kutulia juu ya jeneza.
Upepo wa Rungwe uliitaka mara mbili,
mara mbili mjane akaikamata kwa kiwiko,
mikono yake ikiwa na mambo mengine.

Sasa tupo uani, chungu cha kimpumu katikati,
mirija inazunguka, na bao linaanza.
Lazima lianze. Lile la ukungu,
pale Katumba, fainali ya kanda,
sisi watu wa chai, wao wa karatasi kutoka Mgololo,
dakika ya themanini na kitu, sifuri kwa sifuri,
ukungu umeshuka mpaka kwenye soksi.

"Alipiga kichwa," anasema Gwamaka wa mashine ya kusaga,
na kichwa chake mwenyewe kinaruka kidogo.
"Kichwa gani! Alimpiga chenga beki
hadi beki akampa refa mkono."
Mama Subilaga, aliyekuwa akiuza magimbi karibu na kona,
anasema mpira ulimpita sikioni, vuu, kama njiwa,
na kwamba marehemu amekufa na deni lake la magimbi matano,
na kwamba amelisamehe, isipokuwa moja.
Tunacheka. Mjane anacheka.
Halafu hacheki.

Hakuna aliyeona. Hilo tunalijua wote
na hakuna anayelisema.
Watu elfu mbili tulisikia filimbi
tukashangilia upande ilikotoka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nyuma ya goli,
kazi yangu kuokota mipira iliyopotelea kwenye chai.
Niliona buti. Niliona mguu ule wa kushoto
uliopinda tangu utotoni, ndipo tukamwita Mundu.
Niliona mpira ukitoka nje, nje kabisa,
hatua mbili kutoka kwenye mlingoti,
ukadunda kwenye kichuguu,
ukaingia kwa ubavuni, kupitia tundu la nyavu
ambalo mbuzi wa mwalimu mkuu walikuwa wamelitafuna tangu Pasaka.
Refa alipofika, akipapasa hewa,
mpira ulikuwa umelala ndani, mtulivu kama yai.

Ambwene alinitazama.
Hakuweka kidole mdomoni.
Alinitazama tu,
kama mtu aliyekutwa anaoga mtoni.

Tangu siku ile, miaka thelathini na mitano,
stendi, sokoni, kliniki ya presha:
"Ugonile, Shahidi."
Na chai ya maziwa, na andazi, kalipa yeye.
Hakuniomba ninyamaze.
Sikumuuliza kama analala.

Kinachoniuma si bao lile.
Ni yale mengine, ya jua kali la Oktoba,
arobaini na moja, niliyoyahesabu kwa mkaa mlangoni kwetu:
lile la Uyole alilolianzia kwenye boksi letu,
lile dhidi ya Magereza, kipa wao akapiga makofi
kabla hajakumbuka yeye ni nani.
Hayo watu waliyaona kwa macho mawili
wakayasahau kwa macho hayo hayo.

"Wewe si ulikuwa nyuma ya goli?" Gwamaka ananigeukia.
Mirija inasimama.
Mama Subilaga anaacha kumenya.
Mjane ananiangalia, na naona kwamba anajua,
au kwamba hajalala siku nne.
Navuta kinywaji, cha moto, mvuto mrefu.

"Kushoto," nasema. "Pembe ya juu.
Kipa hakunyanyua hata mkono."

Kelele. Mtu anapiga sufuria.
Gwamaka anaapa kwamba ndivyo alivyokuwa akisema siku zote.
Nyuma ya ua ukungu unapanda kutoka Kiwira,
na mtoto wa nani sijui anapiga kopo ukutani,
analifuata, analipiga tena.

Ugonile, Mundu.
Kesho chai nitalipa mimi,
na lile gimbi moja.