Hesabu za Jumapili

Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa
na maji ya suuza yakishahamia ndoo ya kupigia deki,
Musembi huvuta stuli, huwasha tochi ya simu
(tokeni tunazibania, kesho Mutheu ana kazi ya ziada),
nami nafungua daftari lake la muhula uliopita,
lile aliloacha kurasa kumi na moja tupu.

Unga, pakiti mbili.
Maharagwe, yamechemshwa Jumamosi yote kwa pamoja,
makaa ya mkebe mmoja.
Mafuta ya kupima, ya ishirini, mara tano.
Hapo Musembi hunikata kila wiki:
"Ukijumlisha hizo ishirini, si tungenunua chupa?"
Najua, baba watoto.
Lakini chupa yataka pesa zake zote kwa siku moja,
na siku kama hiyo
umeiona ikipita mtaa gani hapa Pipeline?

Nauli, sufuri.
Sufuri hii naiandika polepole.
Anatoka Viwandani kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi,
nami ndiye nishonaye kiatu,
najua soli ililipa ngapi.

Viatu vya Mumo, namba ya mwaka ujao,
gazeti limejazwa pale vidole visipofika.
Anatembea kama bata, lakini anatembea.

Halafu kuna jambo la jana, silijui safu yake.
Tulipita penye mkokoteni wa soseji.
Mutheu hakuomba. Siku hizi haombi,
na hilo ndilo linaloniuma kuliko kuombwa.
Alisimama tu, akafumba macho.
"Mama, kunusa ni bure?"
Nikamwambia ni bure.
Tukasimama sote watatu, tukanusa,
hadi mwenye mkokoteni akageuza uso
kama mtu aliyekuta wengine wakisali.
Nimeandika: soseji tatu, hazikununuliwa.
Musembi amesoma, hakusema neno.

Watu husema haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba chenyewe
hutobolewa kila tarehe tano, kodi ikibisha hodi.
Ndiyo maana mkebe wetu tuliuziba kwa risasi,
mkebe wa maziwa ya unga, Mumo alipokuwa wa kubebwa,
tukauachia tundu jembamba kama jicho la mwenye usingizi,
tukauficha nyuma ya godoro
tusijikopeshe wenyewe.

Leo tumeukata. Sare ya Gredi ya Kwanza iko kwa fundi,
na fundi hana subira.
Kisu kimepiga kelele, watoto wameziba masikio,
sarafu zimemwagika juu ya leso,
noti zimekunjwa hadi zimekuwa kama mbegu.
Elfu tatu, mia nane na arobaini.
Tumehesabu mara mbili, mara ya pili kwa raha tu.

Na katikati, ndani ya karatasi ya chooni, jino.

"Hili nini?" Musembi akaliinua kwenye mwanga.
Mumo akaonyesha pengo lake.
Wenzake, alisema, hurusha juu ya paa,
lakini paa letu liko orofa ya nane
na ufunguo anao mwenye nyumba.
Tena Mama alisema
kitu kikidondoka kisitupwe,
na vikikaa humo huongezeka.

Sikucheka. Nilitaka, nikashindwa.
Chini ya jumla nikaandika: jino, moja,
nikapiga mstari kama apigavyo mhasibu.

Musembi akatoka kibarazani, akarudi na kopo la rangi
lililobaki kwa wapangaji waliohama,
akatoboa mfuniko kwa msumari.
La kwanza kuingia likawa lile jino.
Mumo akalitikisa kopo karibu na sikio,
akasikiliza kwa makini,
akatuambia bado ni moja.