Bitana

Kabla ya kupandikiza, anasema Dokta Rwechungura,
lazima tujue huko ndani kukoje.
Anachora kitu kama parachichi
mgongoni mwa risiti ya famasi.

Ya kwanza, altrasaundi. Nyepesi, haina maumivu,
ila kijinyama kidogo huweza kumponyoka
kama mtoto aliyejikunja chini ya shuka.
Ya pili, maji ya chumvi. Tunayatia polepole,
kuta zinaachana, tunaona kilichojibanza.
Ya tatu, kamera, nyembamba kuliko penseli.
Inaingia yenyewe, inatazama,
ikikuta kitu inakikata hapohapo.
Bei zake ni hizi.
Anaigeuza risiti ituelekee.

Staamili anahesabu kwa midomo, bila sauti.

Mimi nina cherehani mbili Mtaa wa Mchikichi.
Bitana naijua.
Koti likija nalipitishia kiganja kwanza;
kiganja husema mengi, hakisemi yote.
Nikishuku nalilowesha, nalinyoosha dirishani
tundu lijitaje lenyewe kwa mwanga.
Likinishinda, nafumua mshono, nageuza ndani nje.
Hapo hakuna siri tena.
Lakini ushafumua.

Mji wa mimba, bibi zetu waliuita.
Nami niliyezaliwa Buguruni,
niijuaye Dar kichochoro kwa kichochoro,
mji huu nimetembea nao miaka thelathini na sita
sijui hata barabara yake moja.

Feni inazunguka. Nje, Upanga,
mtu anaosha gari na kubishana na simu.

Kisha daktari, macho kwenye faili,
kwa sauti ileile ya kuuliza umri:
Umewahi kusafishwa?
Maana kwangua-kwangua huacha kovu,
na kovu, altrasaundi mara nyingi haioni.

Njia ya nne hiyo. Hakuichora.
Haina maji, haina kamera, haina bei.

Midomo ya Staamili imesimama katikati ya laki.

Mara moja, nasema. Mwananyamala.
Wiki kumi.
Nilikuwa sijakujua, namwambia yeye, si daktari,
nayo kalamu ya daktari inaandika
neno moja fupi, haraka, kama mtu anayeshona kifungo.

Staamili anaichukua risiti.
Anaikunja mara mbili, mchoro kwa ndani,
anaitia mfuko wa shati.

Ya tatu, anasema. Tutatafuta hela.

Tukateremka ngazi, yeye mbele.
Kama ni mapenzi, au ni hamu ya kuona,
mpaka leo sijajua.