Kabla ya Kupandisha

Lushinge, weka bisibisi chini.
Mtu wa Kayenze, mwenye taa za dagaa,
anataka volti ishirini na nne
kutoka kisanduku cha kumi na mbili,
nawe tayari unazungusha skrubu
kama anayeongeza muziki harusini.

Chomoa kwanza. Hesabu hadi sitini.
Umeme ukiondoka huacha ukoko.
Kidole changu hiki kisicho na kucha
kilijifunza hapa hapa Nyakato,
nikiwa na haraka kama yako.

Sasa soma ubavuni mwa kapasita:
kumi na sita.
Hiyo si namba, ni kauli.
Anakwambia, nipe kumi na mbili nitakesha,
ukizidisha mara mbili nitapasuka,
na duka litanuka hadi Jumapili.
Mtoe. Weka mwenzake wa thelathini na tano.
Iulize diodi. Iulize transfoma.
Usiulize skrubu; skrubu hukubali kila kitu.

Funga balbu njiani mwa umeme:
ikiwaka sana, kuna uongo ndani.
Mkono wa kushoto mfukoni.
Pandisha. Kumi na nne. Ngoja.
Kumi na nane. Usiguse, nusa.

Jana zahanati walinifunga mpira mkononi,
wakajaza upepo, wakaandika mia na tisini.
Nesi akauliza nani ananipandishia.
Nikakutaja wewe.

Ishirini na mbili.
Polepole, mwanangu.
Ishirini na nne, na balbu giza.

Toa mkono mfukoni
umpigie mtu wa Kayenze.