Ishirini na Tisa

Januari, Ottumwa, jimbo la Iowa.
Ukumbi wa michezo unanuka soksi za watoto na kahawa.
Mimi ni mpishi wa shule hii; najua ubao upi unalia ukikanyagwa,
najua saa ya ukutani iko nyuma dakika saba
tangu enzi za mwalimu mkuu aliyepita.

Kura yetu usiku huu ni ya miguu.
Unasimama kwenye kona yako,
mbele ya daktari wako wa meno,
mbele ya shemeji uliyemnunia tangu Krismasi.

Tulihesabiwa: ishirini na tisa.
Walitakiwa thelathini na wawili.
Bi. Gundersen akasoma hesabu
kwa sauti ya kutangaza mbwa aliyepotea:
kundi lisilotimia livunjike. Mna nusu saa.

Ng'ambo, watu wa Gavana Tolliver
walikuwa wametulia kama abiria waliolipia viti.

"Anashinda," akasema Wendell Krause,
miaka thelathini na mmoja kiwanda cha nyama,
vidole viwili aliviacha hukohuko.
"Kule mabango yetu yanakochomwa moto,
yeye hualikwa kula pai. Heri nusu shari."

"Nusu shari ya nani?" akauliza Tamsin,
miaka kumi na tisa, pua nyekundu kwa mafua.
"Na ile nusu inayobaki, humwangukia nani?
Alipokuja kwenye mgomo wenu alivaa buti mpya,
akasema anawaelewa nyinyi, anawaelewa na wenye kiwanda."
"Lakini alikuja."
"Buti zilikuwa mpya, Wendell."

Mtu nyuma akanong'ona: njia mbili zilimshinda fisi.
"Huyu si fisi," Tamsin akasema.
"Huyu amekaa njia panda, anauza ramani."
Tukacheka, hata Wendell.

Marisol Quintero hakucheka.
"Sheria yake ya dawa ni kiraka, sikatai.
Nilikuwepo ikikatwa, ikikatwa tena,
mpaka ikabaki upana wa leso.
Mama yangu alilala chini ya leso hiyo
msimu mzima, na hakulowa."

Wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa kimya,
na mpishi akinyamaza watu hudhani ana akiba.

Nilichokuwa nacho ni hiki:
jikoni kwangu kuna kipimajoto kinachoning'inia kwa kamba.
Chakula kiwe moto kweli, au kiwe baridi kweli;
kilicho katikati ndicho kinachoota ugonjwa.
Mkaguzi akikuta supu vuguvugu, anaimwaga.
Hilo nalijua kama jina langu.
Na nimemwona mtoto wa Jumatatu asubuhi,
ambaye hajala tangu chakula cha mchana cha Ijumaa:
haulizi nyuzi joto. Anashika bakuli kwa mikono miwili.

Sikuyasema. Nilisema, "Saa ile iko nyuma.
Hatuna dakika kumi. Tuna tatu."

Wendell alitangulia, akichechemea.
Marisol akafuata bila kuaga.
Tamsin akavaa koti, akafungua mlango wa nyuma,
baridi ikaingia kama mtu mwenye madai.
Nami nikavuka ukumbi. Ubao ule ukalia.
Mwanamke mwenye lipstiki akanipa stika ya Tolliver;
nikaibandika ndani ya koti, upande wa bitana.

Nje nilimkuta akikwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba.
"Umeenda?"
"Nimeenda."
"Novemba nitampigia," akasema. "Usinifanye mjinga.
Lakini leo niache na hasira yangu, ni yangu, nimeilipia."

Nikatoa mwiko wa plastiki mfukoni,
sijui ulifikaje humo, nikaanza upande wa abiria.
Upande wake ulikuwa umeshafunguka, tundu la ukubwa wa sahani.
"Inatosha," akasema. "Naona barabara."
Sikumjibu. Niliendelea kukwangua.