Nakala Tatu

Makambako, mwezi wa saba. Upepo
unaingilia mkononi mwa koti na kutokea shingoni.
Nina kitabu cha stakabadhi, karatasi mbili za kaboni,
kalamu ninayoipasha moto kwapani ndipo iandike,
na kijitabu cha sheria ndogo
ambacho hakuna aliyekisoma,
hata mimi, mpaka juzi
mtandao wa malipo ulipogoma tangu asubuhi
nikakosa pa kuweka macho.

Kumbe kutema mate njiani ni kosa.
Kumwaga maji ya ukoko mtaroni, kosa.
Baiskeli bila taa, bila kengele, hayo ni mawili,
na nje, imeegemea ukuta wa ofisi,
ilikuwa yangu.

Ukurasa wa sita ukanikamata ukosi:
asilime mtu ndani ya mita sitini kutoka mtoni.
Mama yangu ana kinyungu bondeni.
Ukikaa kwenye tuta la mwisho
unanawa miguu bila kunyanyuka.
Kinyungu hicho ndicho kilichoninunulia sare,
na daftari, na hii kalamu ukifuatilia vizuri.
Nimelila kosa hilo tangu sina meno,
lina mahindi mabichi mwezi wa kumi,
wenzetu wanapokula makavu.

Chengula wa viazi yeye anajua.
Gunia lake limevaa kilemba kama bwana harusi,
nimemwandikia mara tatu.
Mara ya nne alinifungia sado moja,
"Za watoto," akasema,
nikaviona ni viazi tu.
Vilikuwa vitamu. Sikuvitafutia ukurasa.

Lakini nilitaka kusema habari ya jana.

Jana, kando ya lami ya Njombe,
bibi mmoja ameanika mahindi kwenye turubai,
nusu turubai liko majanini, nusu kwenye mstari mweupe.
Akaniona, akainamisha magoti kidogo:
"Kamwene."
Nikamjibu, "Elfu tano."

"Jina?"
"Sikujua."
Nikapandisha sauti, wapita njia wasikie:
kutojua sheria si utetezi, mama!
Akanitazama
kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume,
hasemi, anangoja mtoto mwenyewe aone.
"Ndilo jina langu, baba. Sikujua Mligo.
Mama hakujua ana mimba
mpaka siku ya kuvuna ulezi."

Nikaandika. Nilikandamiza kalamu kwa aibu,
kaboni nayo haina huruma:
Sikujua, nyeupe, yake.
Sikujua, ya kijani, ya mhasibu.
Sikujua, ya njano, imebaki kitabuni,
nikifungua namkuta.

Alifungua pindo la kitenge,
noti zinanuka moshi wa jikoni,
akahesabu mara mbili ili asinipunje.
Halafu akasema asante.
Bado nalitafuna hilo asante, halimezeki.

Nimekipekua kijitabu hadi jalada la nyuma,
hadi jina la mpiga chapa.
Yamo ya mbuzi, ya moshi, ya ngoma, ya maganda ya miwa.
Hakuna kifungu cha mtu
aliyesalimiwa akataja bei.

Usiku narudi nyumbani, gizani, bila taa,
najua sasa ni kosa na bado nakanyaga pedali,
maana kulala ofisini nako baridi.
Karibu na mashine ya kusaga
mtu akapita na mzigo kichwani,
sikuona uso, wala sikujua ni mwanamke au mwanamume:
"Kamwene."

Nikaitikia.
Niliitikia kwa nguvu zote, kwa deni la jana na la miaka,
"KAMWENE!"
Mtu akaruka pembeni na mzigo wake.
Mbwa wa kwa Kihongosi wakaamka,
wa jirani wakadakia, mtaa mzima ukabweka,
dirisha likafunguka, mtoto akalia, mwanamume akatukana.

Kelele baada ya saa nne usiku.
Limo. Ukurasa wa tisa.