Injini Baridi

Tororo, barabara ya Malaba, uani kwa Magoola,
vipakizi viwili vidogo vimesimama bega kwa bega
kama wake wenza siku ya kupigwa picha.

Cha manjano kinang'aa. Rangi bado inanuka.
Mita yake inaapa: saa elfu mbili na mia moja.
Milioni hamsini na mbili, "na chai ya mlinzi."

Cha pili kimepauka kama udongo wa kichuguu,
saa elfu sita na mia nne, bila haya.
Milioni arobaini na saba.

Mimi nina arobaini na tano,
na nusu yake ni ya matofali ambayo hayajachomwa.

Fundi wangu, Owere, hapigi tairi teke.
Anapiga magoti. Anasugua pedali kwa kidole gumba:
mpira umelika mpaka chuma kimetoa meno.
"Mguu haujui kudanganya," ananong'ona. "Mita inajua."
Ananyanyua kijiko juu, anazima, anawasha sigara.
Mkono wa manjano unashuka
kama kope za mlinzi wa usiku.
Sigara haijafika nusu, kijiko kimegusa changarawe.

Cha pili nacho kinavuja, nisiseme uongo:
tone, kisha tone, chini ya bomba la kushoto,
na pini zinacheza kwenye bushi.
Lakini kila chuchu ya grisi imeshiba.

Na nyuma ya kiti, kwenye bati,
mtu wa nchi ya mbali ameandika kwa penseli.
Maneno siyajui. Tarakimu nazijua:
tarehe, saa, tarehe, saa,
kila mia mbili na hamsini, miaka tisa, bila kuruka.
Sijawahi kumwamini mwanamume nisiyemjua
kwa haraka hivyo.

Magoola anawasha. Vyote vinanguruma mara moja tu.
Naweka kiganja kwenye boneti: moto.
Nani aliviamsha kabla yetu?
"Nitarudi alfajiri. Usiviguse."
"Mama Nyaketcho, kuna mteja kutoka Busia..."
"Huyo wa Busia msalimie."

Saa kumi na mbili kasoro robo,
nampa mlinzi chapati mbili, napita.
Boneti ya manjano ni vuguvugu,
kama kitanda cha mtu aliyetoka sasa hivi.
Ya pili ina umande.

Naandika kwa kidole juu ya umande: 43.
Kisha naketi kwenye tairi,
namngoja mwenye mali aamke
kabla jua halijaifuta bei yangu.